Muhuri wa Ishirini na Saba

Dolsaem, 14 Oktoba 2023

Mwanangu Hyonmuk,

Nakusalimu mimi baba yako mkubwa, Tak Pansul. Ni mzima. Juzi nimebeba viroba viwili vya figili kutoka shamba la chini hadi nyumbani bila kupumzika, na themanini nimeshaipita. Hebu nitajie mzee mwingine wa bonde hili anayeweza. Goti la kushoto linanung'unika lakini silisikilizi. Ng'ombe amezaa dume. Bibi Gannan wa nyumba ya jirani bado ana mdomo uleule, anasema ndama amefanana nami kwa kichwa kigumu.

Mkeo hajambo? Mwambie zile keki za mchele alizopika sikukuu ya mavuno zilikuwa laini mno. Keki ya mchele lazima ipigane kidogo na meno. Lakini nimezimaliza.

Barua hii naiandika mwenyewe, kwa penseli, leo siku ya nne. Simu sitaki, unajua. Neno la simu likishatoka halina pa kushikwa, lakini karatasi unaweza kumwekea mtu mbele ya pua.

Sasa jambo lenyewe. Naikumbuka ile siku ya pili ya sikukuu, mimi na wewe tumekaa sakafuni, karatasi katikati yetu. Kijiji kizima sasa kinajua kwamba pingamizi la Dolsaem dhidi ya visima vya kampuni ya maji ya chupa limeandikwa na mtoto wangu, mtu wa ofisini, anayejua lugha ya ofisini. Nimewaambia: kaandika yeye, nimesoma mimi, mstari kwa mstari, na mihuri nimegonga mimi. Nyumba zote. Nilikuwa mwenyekiti wa kijiji hiki miaka thelathini na mitatu. Nimeacha mwaka wa kumi na moja huu, na mpaka leo hakuna aliyekuja kudai muhuri wake kutoka kwenye kopo langu la biskuti. Waje kufanya nini? Karatasi ya mbolea, ya mbegu, ya barabara, zote nimewagongea mimi. Mtu yuko shambani kwake anapalilia, kumbe ameshasaini. Huyu mwenyekiti wa sasa anapita nyumba kwa nyumba na kalamu kama muuza dagaa.

Mwalimu Seol, yule msichana aliyerudi kutoka mjini akafungua darasa la kusoma la mabibi, alitaka aione karatasi kabla hujaondoka nayo. Nikamwambia imeshasomwa. Akanuna. Ni mtu mzuri ila ana haraka. Yeye ndiye aliyechomeka ule mwanzi wenye alama kumi na mbili ndani ya chemchemi, na kila asubuhi mmoja wetu anakwenda kuangalia maji yamefika alama ya ngapi. Mwaka juzi ilikuwa kumi na moja. Leo saba. Theluji haianguki tena kama zamani, na mvua inakuja yote siku moja, inaondoka na udongo. Ndiyo maana mwezi wa nne mwaka jana tulipanda mialoni mia nne kule juu kwenye kipara kilichoungua, ili mlima ujifunze tena kushika maji. Mashimo sitini nilichimba mimi. Sasa mlima unajifunza, halafu watu waje na visima vitatu vya mita mia mbili wanyonye kwa chini. Hapana.

Niandikie tarehe uliyoipeleka karatasi wilayani. Wazee wananiuliza, nami napenda kuwa na jibu.

Baba yako mkubwa,
Tak Pansul


Daejeon, 6 Novemba 2023

Shikamoo Baba Mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama na goti limetulia. Sisi hatujambo. Mke wangu amecheka sana kuhusu keki. Binti yetu amepata kazi Incheon na amehama, nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nakutumia blanketi la umeme. Tafadhali lichomeke, usiliweke kabatini kama lile la kwanza.

Karatasi imefika. Niliikabidhi mwenyewe tarehe tano Oktoba. Mambo ya ofisi huchukua muda, usihangaike kwenda kuulizia.

Baba Mkubwa, nimekuwa nikiwaza. Nyumba ngapi za Dolsaem zina mtu aliye chini ya miaka sabini? Mbili? Kijiji kinaisha, na mialoni mia nne haitabadili hilo. Karibu na kwetu hapa kuna makazi ya wazee, yana lifti, sakafu inapashwa moto, maji ya moto na ya baridi yanatoka ukutani. Lifikirie.

Nina swali dogo. Ule mtungi wa mama bado uko nyuma ya ghala? Nilitaka kuutazama siku ya sikukuu nikapitiwa.

Mwanao,
Hyonmuk


Dolsaem, 19 Desemba 2023

Mwanangu Hyonmuk,

Salamu kwako na kwa mkeo. Blanketi limefika, ndama analipenda sana. Kimchi ya mwaka huu tumeshatengeneza, kijiji kizima pamoja, kabichi mia tatu za kutiwa chumvi na pilipili. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe tumeziosha kwa awamu mbili, maana chemchemi ilichoka katikati ya kazi. Tukakaa juu ya mawe tukingoja ijae, mikono imejaa chumvi. Alama ya tano.

Kuhusu lifti: mimi napanda mlima.

Sasa nisikilize vizuri. Jumatatu ya wiki iliyopita, saa tatu asubuhi, lori lenye mtambo wa kuchimba visima lilifika darajani. Daraja langu, lile lenye jiwe la jina langu. Tukalizuia. Matrekta manne, na mabibi kumi na sita wamekaa barabarani na mabuti yao ya mpira. Bibi Gannan alikuja na sufuria ya supu ya mwani. Anamwambia dereva, "Shuka unywe, mwanangu. Maji ya supu hii ndiyo unayokuja kuyachukua, angalau uyajue ladha." Dereva akashuka akanywa, kijana mpole. Akafuta mdomo akasema, "Bibi, mimi nimetumwa tu. Lakini si nyie wenyewe mmekubali?" Akatoa nakala.

Mimi nikacheka, mbele ya watu wote. Nikasema hiyo ni ya kughushi.

Mwalimu Seol akaichukua. Akaanza kuisoma kwa sauti, kisha sauti ikapotea akawa anasoma kwa macho. Halafu akaniambia, "Babu, hii ni ridhaa. Inasema kaya zote za Dolsaem zinakubali visima vitatu kwa miaka kumi. Na mihuri hii si ya kughushi."

Najua kwamba si ya kughushi. Muhuri wa Bibi Gannan una ufa pembeni, niliuangusha mimi mwenyewe zamani. Upo pale, na ufa wake.

Bibi Gannan akaniangalia. Amenitukana kila siku kwa miaka sitini, siku hiyo hakusema kitu.

Nimewaambia kwamba wamekuchezea. Kwamba huko ofisini kuna mtu kaondoa ukurasa wa mbele akaweka mwingine, akabakiza ule wa mihuri. Nimewaapia. Nimesema mtoto niliyemlisha kwa mkono wangu tangu ana miaka kumi hawezi jambo hilo. Mwalimu Seol akauliza, "Lakini babu, ulisema uliisoma mwenyewe." Nikasema ndiyo, niliisoma. Basi lazima ilibadilishwa baadaye. Akili ndiyo inavyosema.

Niandikie hivyo. Mistari miwili inatosha: Baba Mkubwa, karatasi ilibadilishwa. Gonga muhuri wako chini yake. Nitaibandika kwenye mlango wa ukumbi, kila mtu aone.

Baba yako mkubwa,
Tak Pansul


Dolsaem, 26 Februari 2024

Hyonmuk,

Natumaini mko wazima. Labda unaumwa. Labda barua yangu imepotea, ingawa mleta barua anasema hajawahi kupoteza hata moja, na huyo ni mtu anayejisifu kwa haki. Siku sitini na tisa. Nimehesabu.

Mwaka Mpya hukuja. Niliandaa meza ya marehemu peke yangu, baba yako, mama yako, mke wangu. Nikainama peke yangu, na goti likagoma nusu ya njia, nikabaki pale chini kitambo nikiwatazama.

Polisi walikuja mwezi wa kwanza wakawainua mabibi barabarani, kwa adabu, mmoja mmoja kama vyungu. Mtambo unachimba. Alama ya tatu.

Jumamosi ilikuwa mbalamwezi ya kwanza ya mwaka wa kalenda ya mwezi, siku ya tambiko la chemchemi. Kibuyu cha kwanza huchota mimi, tangu nikiwa mwenyekiti kijana. Nilinyoosha mkono. Hakuna aliyenisukuma wala kunisema. Kibuyu kilinipita tu, kikaenda kwa Bibi Gannan.

Wamekuja pia kuchukua mihuri yao. Kila mtu amekuja kwa heshima, na mayai mkononi, kama wanaokwenda kumwona mgonjwa. "Babu, nadhani sasa nitautunza mwenyewe." Nina mayai hadi ya kuwapa mbwa. Kopo limebaki na muhuri mmoja, usio na mtu wa kuja kuuchukua.

Andika. Hata kama ni baya.

Tak Pansul


Daejeon, 15 Machi 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Hatuumwi, na barua zako zote nimezipata. Mke wangu anakusalimu. Hajui ninachokuandikia.

Karatasi haikubadilishwa. Ni ileile.

Nimekuwa mpimaji wa kampuni hiyo ya maji ya chupa mwaka wa tatu sasa. Waliniahidi usimamizi wa bonde zima kama kijiji kingekubali bila makelele. Lakini nikikuambia nilifanya kwa sababu ya cheo nitakuwa nakudanganya mara ya pili.

Januari 1981 nilikuwa na miaka kumi. Ngazi za chemchemi ni kumi na saba, zilikuwa barafu tupu. Nilikuwa nyuma ya mama, nimebeba kibuyu. Mengine unayajua, ingawa hatujawahi kuyataja, si wewe wala mimi. Nilikuuliza kuhusu mtungi wake, ukanijibu habari za lifti.

Mwaka mmoja kabla, saruji ya serikali ilikuja na ikatosha kitu kimoja: bomba la kushusha maji hadi majumbani, au daraja. Wanawake waliomba bomba. Wewe ulisema maji ya bomba ni ya wavivu, ukajenga daraja, ukachonga jina lako kwenye jiwe. Bomba lilikuja miaka sita baadaye. Mama hakuwa na miaka sita. Nilikua nyumbani kwako, nikila wali wako, nikipita juu ya jina lako kila siku nikienda shule. Ulikuwa mwema kwangu. Hilo ndilo lililonifunga mdomo.

Jina la chemchemi ile lilipofika mezani kwangu, sikuhuzunika hata kidogo.

Na kuna jambo jingine. Siku ile nilipoiweka karatasi mbele yako, uliitazama kwa muda uleule ambao mtu hutumia kusoma. Ukatikisa kichwa ukasema, "Lugha nzuri." Nilikuwa nimejiapia kwamba ukiniuliza maana ya neno moja tu, moja, nitakuambia ukweli wote. Hukuuliza. Ukafungua kopo.

Nasikia wilaya imeitisha kikao mwezi wa tano. Nakuomba usinitaje. Nina miaka saba tu kustaafu. Sema chochote kingine.

Hyonmuk


Dolsaem, 24 Machi 2024

Hyonmuk,

Salamu sina.

Barua yako nimeisoma mara nne, na safari hii ni kweli nimeisoma. Halafu nikaenda kukaa na ng'ombe, maana yeye hajui habari za mtu.

Mimi ndiye niliyekushika mkono ulipoandika jina lako mara ya kwanza. Nilikuwa najua herufi za kuandikia barua tu, nikakupa zote. Zilizobaki ukazipata shuleni kwa jembe langu. Na hizo ndizo ulizokuja nazo kunikalia sakafuni siku ya sikukuu, tumbo lako limejaa chakula changu. Ungenitukana. Ungenipiga hata kofi, mlango ulikuwa umefungwa. Nyumba thelathini na mbili zimekukosea nini? Bibi Gannan alikubeba mgongoni siku ya mazishi ya mama yako, kilomita nzima, kwa sababu ulikataa kutembea.

Kuhusu daraja, bado sijibu. Sijasema sitajibu.

Sasa nipo darasani kwa Mwalimu Seol, Jumanne na Alhamisi, mwanamume pekee kati ya mabibi kumi na wanane. Wananiita bwana harusi. Kitabu chetu cha kusomea ni karatasi yako, yenye herufi za kale za ofisini ambazo si hizi ninazokuandikia. Tunaisoma neno kwa neno, kila siku mstari mmoja, mpaka hata Bibi Gannan sasa anajua kusema "pasipo masharti".

Tulipofika ukurasa wa mihuri, Mwalimu akahesabu. Thelathini na tatu. Nyumba ni thelathini na mbili. Kila muhuri una jina pembeni, na mwandiko ni wako, naujua tangu ukiwa wa kupinda.

Namba ishirini na saba ni nani, Hyonmuk?

Tak Pansul


Daejeon, 11 Aprili 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Najua huitiki.

Niliuona. Ulikuwa unagonga haraka, unajisifu habari za mashimo sitini ya mialoni, unachukua muhuri baada ya muhuri kutoka kwenye kopo bila kuutazama. Ulipouinua mkono kutoka kwenye wa ishirini na saba, lilikuwa jina la mama yangu, jekundu, bichi. Nilifungua mdomo. Ukaniambia, "Nisogezee wino." Nikakusogezea.

Sikujua kwamba muhuri wake bado upo. Mtu akifa muhuri wake huchomwa pamoja na nguo zake. Kwa nini uliuweka miaka yote hiyo?

Kesho yake ilinibidi nijaze majina pembeni kabla ya kuikabidhi. Nilipofika ishirini na saba ningeweza kuupiga mstari, ningeweza kusema umerudiwa, hakuna ambaye angejali. Nikaandika Chu Bunrye. Niliandika vizuri, kuliko majina mengine yote. Nimejiuliza tangu siku hiyo kwa nini, na sina jibu la kukupa.

Kikaoni siwezi kuja. Usinisubiri.

Hyonmuk


Dolsaem, 20 Mei 2024

Hyonmuk,

Goti si zima. Nakuambia hivyo kwa sababu nimeamua kuanza na la kweli. Ndama amekuwa fahali kabisa na bado analalia blanketi lako. Bibi Gannan ameanza tena kunitukana tangu Ijumaa.

Ijumaa ndiyo ilikuwa kikao. Tulikwenda wote kwa basi moja, mabibi wamevaa nguo walizovalia arusi za wajukuu zao, Mwalimu Seol ameshika ule mwanzi wa chemchemi kama mkuki. Mbele alikaa ofisa, mwanamke mwenye miwani. Pembeni, mwanasheria wa kampuni. Nilikutafuta kwa macho, nikijua hupo.

Ofisa alikuwa anasoma majina, mmoja mmoja, kila mtu asimame aseme. "Nipo. Sikukubali." Na kila mara mwanasheria anauliza kwa upole, "Lakini mama, muhuri huu ni wako?" "Ni wangu." "Nani ulimwachia?" "Babu Tak." "Kwa hiari yako?" "Ndiyo, kwa hiari." "Ahsante, kaa." Watu ishirini na sita wakasimama na kukaa hivyo. Nikaona wazi kwamba tunashindwa, na tunashindwa kwa sababu waliniamini.

Akasema, "Chu Bunrye."

Hakuna aliyesimama. Akarudia. Bibi Gannan akaanza kulia, polepole tu, kama maji yanayovuja. Nikasimama.

"Hayupo," nikasema. "Alifariki Januari mwaka elfu moja mia tisa themanini na moja, kwenye ngazi za chemchemi, mtungi kichwani."

Ofisa akavua miwani. "Basi muhuri wake umegongwa na nani?"

"Na mimi. Yote nimegonga mimi."

"Hukuona kwamba ni wa marehemu?"

"Mihuri huchongwa kwa herufi za kale za ofisini. Sikujua kuzisoma."

Mwanasheria akainuka. Huyo hakuwa mpole tena. "Mzee, ulikitangazia kijiji kizima kwamba umeisoma karatasi hii mstari kwa mstari. Tuna mashahidi."

"Nilitangaza."

"Basi isome."

Akaniletea. Sasa hapa unisikilize, kwa sababu unanijua. Karatasi hiyo tumeikariri darasani miezi miwili. Ningeweza kusoma zaidi ya nusu yake mbele ya wale watu wote waliosoma, kwa sauti, na mdomo ulikuwa unaniwasha. Nikasoma yale tu niliyokuwa nayajua siku ya sikukuu. Dolsaem. Maji. Thelathini. Nikamrudishia.

Nikasema, "Siku ile elimu yangu iliishia hapo. Mengine niliona aibu kuuliza."

Mabibi kumi na wanane waliokuwa wanajua kwamba naweza zaidi ya hapo waliniangalia, hakuna aliyenisaidia na hakuna aliyenicheka.

Ofisa akauliza, "Na nani alikuambia ni pingamizi?"

Uliniomba nisikutaje. Nimekutaja. Nimesema Tak Hyonmuk, mtoto wa mdogo wangu, niliyemlea, mpimaji wa kampuni. Nilisema jina lako lote na sauti haikutetemeka. Imetetemeka baadaye, ndani ya basi.

Akauliza la mwisho, lile lako, kwa nini muhuri wa mtu aliyekufa ulikuwa kwenye kopo langu. Miaka arobaini na mitatu sijamwambia mtu. Nikawaambia wote.

Mwaka ule wa saruji mama yako alikuja kwangu na karatasi. Alikuwa amepita nyumba zote, mjane, wewe nyuma yake unamvuta nguo mrudi nyumbani, akakusanya wanawake wanaotaka bomba. Nikamwambia daraja linakuja kwanza. Hakubishana. Akatoa muhuri wake, akautia mwenyewe kwenye kopo langu, akasema, "Shemeji, siku ukibadili mawazo usihangaike kunitafuta shambani. Gonga tu." Akaondoka. Kila nilipofungua kopo niliuona pale chini. Alipofariki waliniletea nguo zake nizichome, nikachoma nguo. Muhuri sikuweza. Alikuwa bado anangoja karatasi yake ya maji.

Na karatasi ya kwanza ya maji niliyomgongea ndiyo hiyo yako.

Ridhaa imefutwa. Ofisa alisema karatasi yenye marehemu ndani yake haiwezi kusimama kwa walio hai. Mtambo umeondoka jana, ukapita juu ya daraja. Chemchemi bado iko alama ya tatu. Mwalimu Seol anasema inaweza kuchukua miaka, na inaweza isirudi kumi na moja kamwe, kama theluji haiji. Mwezi wa kumi na moja tunaongeza mialoni mia mbili. Nimeahidi mashimo ishirini. Thelathini.

Leo asubuhi nimekwenda darajani na nyundo na patasi. Jiwe lile ni gumu, nilichagua mwenyewe, jiwe bora bonde zima. Nimefuta herufi mbili, kesho namalizia. Bibi Gannan alisimama akinitazama. "Kumbe umejifunza kusoma ili uanze kufuta," akasema. Kisha akakaa kunishikia patasi.

Sikusamehe. Kwa jina lile la mama yako uliloliandika, sijui kama ulikuwa mwizi aliyesahau kiatu chake mlangoni kwa bahati mbaya, au ulikiacha kusudi. Nawe hujui. Usije sikukuu ya mavuno mwaka huu, makaburi nitayafyeka mimi. Mwaka kesho sisemi.

Mtungi uko nyuma ya ghala. Haukuvunjika siku ile, uliteleza juu ya theluji mpaka chini mzima. Sikuweza kukuambia hilo ukiwa mtoto.

Ndani ya bahasha hii nimeweka muhuri wa mama yako. Wino mwekundu umekaukia ndani ya jina lake. Mimi sijaugusa. Ukitaka kuuosha, maji unajua yalipo.

Tak Pansul